Punguzo la asilimia 90 kwenye programu za sauti na video: ulinganishe na bei ipi?

"Mwalimu, habari za kazi. Nina studio ndogo hapa Mwanza. Ninarekodi kwaya, na mwisho wa wiki ninapiga video za harusi na send-off. Nimeona mtandaoni kifurushi chenye programu ya kuhariri video pamoja na plagini 12 za sauti. Bei iliyokatwa mstari ni dola 899, sasa kinauzwa dola 89, na saa ya tangazo inaonyesha zimebaki saa sita. Tovuti nyingine inauza ufunguo wa DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri video, kwa dola 35. Mwenzangu ananiambia nisijisumbue, ana programu zilizokrekiwa na atanipa bure. Bajeti yangu ni shilingi 400,000, na laptop yangu ni ya Windows 10 yenye RAM ya GB 8. Nimejaribu kulinganisha bei lakini kila tovuti inasema lake. Je, ninunue kabla saa haijaisha, au nisubiri Novemba?"

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuandika kabla ya kulipa, na kwa kutaja kazi unazofanya, kompyuta uliyonayo na kiasi ulichonacho, kwa sababu bila mambo hayo matatu hakuna mtu awezaye kukuambia kwa uaminifu kama bei fulani ni nafuu au ni ghali. Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili zinazokuvuta huku na huku: kwamba ukichelewa utakosa nafasi ambayo haitarudi, na kwamba ukiharakisha, jasho la harusi kadhaa litapotea kwa siku moja. Jibu langu la moja kwa moja ni kwamba usinunue kifurushi hicho leo, usinunue ule ufunguo wa dola 35 (yaani namba ya kuamilisha leseni) hata bei yake ikishuka zaidi, na usipokee programu za mwenzako, ambazo kinga yake ya leseni imevunjwa. Kwa kazi ulizozitaja, inaelekea unahitaji kulipia programu moja tu, na sehemu kubwa ya shilingi zako 400,000 iende mahali pengine kabisa. Naomba unifuate taratibu nikueleze kwa nini.

Tuanze na ile dola 899 iliyokatwa mstari, maana ndiyo inayofanya dola 89 ionekane kama zawadi. Umelinganisha bei kwa bidii, lakini kipimo ulichotumia umepewa na muuzaji mwenyewe. Asilimia 90 inakuambia tofauti kati ya namba mbili alizoziandika yeye. Haikuambii kama kuna mtu aliyewahi kulipa ile kubwa, wala kama bidhaa ile ile inapatikana kwingine kwa bei ndogo zaidi, wala kama itakusaidia kazi. Watu wengi, na si wageni wa fani hii peke yao, huamini kwamba punguzo likiwa kubwa ndipo faida ya mnunuzi inapokuwa kubwa. Kwa programu za sauti na video imani hiyo hupotosha mara nyingi kuliko inavyosaidia.

Sababu iko kwenye asili ya bidhaa yenyewe. Mfuko wa saruji una gharama isiyokwepeka ya mawe, makaa, umeme na lori, kwa hiyo dukani ukiona saruji imeshuka kwa asilimia 90 utajua kuna jambo halijakaa sawa. Programu haina sakafu ya namna hiyo. Gharama kubwa hutumika kabla nakala ya kwanza haijauzwa, katika mishahara ya watengenezaji na majaribio. Baada ya hapo nakala ya elfu kumi haimgharimu mwenye kampuni karibu chochote zaidi ya ada ya malipo na msaada kwa wateja. Kwa hiyo anachojiuliza anapopanga bei ni nani atakubali kulipa kiasi gani na lini. Mtu anayeihitaji siku inapotoka hulipa bei kamili, anayeweza kuvumilia husubiri msimu wa mapunguzo, mwanafunzi hupewa bei yake, mwenye toleo la zamani hupewa bei ya kupanda toleo, na anayetumia programu ya mshindani hushawishiwa kwa bei ya kuhamia. Hayo yote ni biashara halali, na mara nyingi humfaa mnunuzi mwenye fedha kidogo. Tatizo huanza pale bei kamili inapowekwa juu sana kwa kusudi moja tu, ili ipatikane namba ya kukata mstari, na "punguzo" likawa ndilo bei ya kila siku.

Ukitaka kuona tofauti ya tabia hizi mbili, angalia soko la plagini, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya programu kubwa ya sauti. Kuna makampuni ambayo plagini zao zina bei rasmi ya mamia ya dola lakini karibu kila wiki ya mwaka zinauzwa kwa makumi. Kisha kuna ValhallaDSP ya Marekani, inayojulikana kwa plagini zake za mwangwi, ambayo bei yake ya kawaida ni dola 50 kwa plagini na haina desturi ya kuzishusha, iwe Novemba au Juni. Ukipanga kwa asilimia ya punguzo, ValhallaDSP itashika mkia siku zote, ingawa wapiga miksi wengi wangekuambia kwamba dola 50 hizo ni miongoni mwa fedha walizotumia vizuri zaidi. Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hili la bei za kukata mstari kiasi cha kulitungia sheria: tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo kwa wanunuzi wa huko anatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouza katika siku 30 zilizotangulia. Wewe uliye Mwanza hukingwi na sheria hiyo, lakini swali inalouliza unaweza kuliuliza mwenyewe.

Na namna ya kuliuliza si ngumu. Nakili anwani ya ukurasa wa bidhaa, kisha uibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi sura za kurasa za zamani bila malipo. Ukikuta kwamba miezi mitatu iliyopita kifurushi kilikuwa dola 89, na mwaka jana pia kilikuwa dola 89, basi dola 89 ndiyo bei yake, na saa inayokimbia kwenye tangazo haikimbilii popote. Saa yenyewe unaweza kuijaribu: fungua ukurasa huo huo kwenye kivinjari kingine au kwenye dirisha la faragha, na ikianza kuhesabu upya, umepata jibu. Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kila bidhaa iliyomo ndani ya kifurushi, uangalie anaiuzaje leo, halafu utazame kwenye maduka mawili au matatu anayoyatambua. Watengenezaji wengi huorodhesha mawakala wao, na maduka makubwa ya vifaa vya muziki kama Thomann ya Ujerumani na Sweetwater ya Marekani huuza leseni halali za programu pia. Unapolinganisha duka la Ulaya na la Marekani kumbuka jambo moja dogo linalowachanganya wengi: bei za Ulaya kwa kawaida huonyeshwa zikiwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ndani yake, na za Marekani huonyeshwa bila kodi.

Hapo ndipo unapofika kwenye kosa ambalo ninaliona ni kubwa kuliko yote, yaani kulinganisha bei za vitu viwili vyenye jina moja lakini visivyo sawa. Chukua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki ambayo vijana wengi wa bongo fleva wameanzia hapo. Toleo lake la bei ndogo, la Fruity, halikupi kurekodi sauti ya maikrofoni. Kwa hilo unahitaji kuanzia toleo la Producer. Mtu anayerekodi kwaya akiona "FL Studio" kwa bei ya chini na kuinunua bila kusoma jina la toleo, amenunua kitu kizuri kisichofanya kazi yake. Kwa upande mwingine, FL Studio ina sifa inayoipa bei yake uzito: ukishanunua, masasisho ya maisha yamo ndani. REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ina utaratibu wake: leseni moja hukufikisha mwisho wa toleo kuu linalofuata, hivyo anayenunua leseni ya toleo la 7 atatumia hadi lile la 8 likamilike. Programu nyingine hukuuzia toleo la leo tu, na la kesho ulilipie. Vifurushi vya punguzo kubwa hupenda kujazwa matoleo yaliyotoka miaka miwili au mitatu iliyopita, na hapo hatari si uzee peke yake, kwani plagini ya zamani inaweza kukataa kabisa kufanya kazi kwenye mfumo mpya. Waliokuwa na plagini za biti 32, muundo wa zamani, kwenye kompyuta za Apple waliliona hilo Oktoba 2019, pale mfumo wa macOS Catalina ulipoacha kuzitambua.

Kwa hiyo kabla hujaandika bei mbili sambamba kwenye daftari, hakikisha zinahusu toleo lile lile, aina ile ile ya leseni, idadi ile ile ya kompyuta unazoruhusiwa, haki ile ile ya masasisho, na ruhusa ya kutumia kwa kazi za malipo. Hilo la mwisho usilidharau. Leseni za wanafunzi na zile za matumizi binafsi huuzwa kwa nusu bei au chini yake, na baadhi yake zinakataza kazi kama yako unayolipwa.

Neno "maisha" nalo lisomwe kwa makini. Mwaka 2016 kampuni ya Cakewalk iliwauzia watumiaji wa programu yake ya kurekodi muziki, SONAR, masasisho ya maisha. Novemba 2017 mmiliki wake, Gibson, alisimamisha utengenezaji wa programu hiyo. Bahati ya watumiaji ni kwamba BandLab ya Singapore iliinunua mali hiyo Februari 2018 na kuirudisha sokoni bila malipo, lakini hakuna aliyelipia "maisha" kwa kutarajia mambo yaende hivyo. Ahadi ya aina hii huishi kadiri kampuni inavyoishi. Unapoipa thamani kwenye hesabu zako, ipe thamani ya miaka mitatu au minne, na kinachozidi hapo kihesabu kuwa ni heri.

Sasa tuje kwenye usajili wa kila mwezi, ambao hujauliza lakini lazima utakutana nao, kwa kuwa bei yake ndogo ya mwezi ndiyo huwashinda watu kuilinganisha na bei ya kununua moja kwa moja. Dawa yake ni kuzigeuza zote ziwe gharama ya miaka mitatu. Adobe iliacha kuuza matoleo mapya ya kumiliki mwaka 2013, na Premiere, programu yake ya kuhariri video, kwa bei ya Marekani ya dola 22.99 kwa mwezi inafika dola 275.88 kwa mwaka na dola 827.64 kwa miaka mitatu. DaVinci Resolve Studio, ambayo Blackmagic Design ya Australia huiuza kwa dola 295 mara moja, huwa imeshakuwa nafuu kufikia mwezi wa kumi na tatu, na hadi sasa matoleo yake mapya yametolewa kwa wamiliki bila malipo ya ziada. Hata hivyo usajili si adui. Mtu aliyepata kazi kubwa ya miezi miwili, au anayefanya kazi na ofisi inayodai faili za Premiere, anaweza kulipia miezi hiyo tu na akatoka na faida. Ila asome masharti ya kujitoa. Ule mpango unaolipwa kila mwezi lakini ni mkataba wa mwaka mzima, ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo, Adobe hukutoza nusu ya malipo ya miezi iliyobaki. Mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani, baada ya suala hilo kupelekwa na FTC, tume yake inayosimamia biashara ya haki, iliishtaki kampuni hiyo ikidai kwamba ada hiyo haikuwekwa wazi kwa wateja.

Nirudi kwenye dola zako 89, tuzigeuze ziwe fedha itakayotoka mfukoni kwako. Kwa mfano wa kukokotoa, tuchukue dola moja kwa shilingi 2,600. Tangazo linakuonyesha shilingi 231,400. Tangu Julai 2022 wauzaji wa huduma za kielektroniki walio nje ya nchi wanatakiwa kutoza VAT kwa wateja wa Tanzania. Wapo wanaotii na wapo wasiotii, na utajua tu ukifika kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo. Ikiongezwa VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18, dola 89 inakuwa 105.02, sawa na shilingi 273,052. Kama kadi yako inakata asilimia 3 kwa kubadili fedha, unafika kama shilingi 281,000. Hiyo ni tofauti ya karibu shilingi 50,000 na kile ulichokiona mwanzo, na haimo kwenye tovuti yoyote ya kulinganisha bei. Kwa msomaji wa Kenya hesabu ni hiyo hiyo, VAT ikiwa asilimia 16. Kadi pepe, kama M-Pesa GlobalPay ambayo Safaricom na Visa waliianzisha mwaka 2022, ni njia nzuri ya kulipa kwa sababu unaiwekea kiasi unachotaka kutumia tu, lakini nayo ina kiwango chake cha kubadili fedha. Tazama kiwango hicho kabla ya kubonyeza, usikitazame kwenye ujumbe wa makato.

Kuhusu ufunguo wa DaVinci Resolve Studio kwa dola 35, naomba ujiulize unatoka wapi. Leseni halali ya dola 295 haiwezi kufika kwa wakala kwa bei itakayomruhusu kuiuza kwa dola 35 na bado apate faida. Funguo za namna hii kwa kawaida huwa zimenunuliwa kwa kadi za wizi, au zimetolewa kwenye leseni za taasisi, au ni ufunguo mmoja unaouzwa kwa watu wengi. Kwa Resolve hili la mwisho lina matokeo unayoweza kuyatabiri: ufunguo mmoja unaruhusu kompyuta mbili, kwa hiyo wanunuzi wanaouamilisha wakizidi hapo, mmoja wenu anatolewa nje, na inaweza kutokea usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi video ya harusi. Hutakuwa na pa kulalamika, kwa kuwa mtengenezaji hakukuuzia wewe. Bei hii usiiweke kabisa kwenye daftari la kulinganisha, kwa maana inahusu kitu ambacho muuzaji hana mamlaka ya kukiuza.

Programu za mwenzako nazo zina bei yake. Juni 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitoa ripoti kuhusu programu haribifu waliyoiita LoudMiner, iliyokuwa imefichwa ndani ya nakala zilizokrekiwa za programu na plagini za muziki, za Windows na za macOS. Ilikuwa ikichimba kwa siri sarafu ya kidijitali ya Monero kwa kutumia nguvu ya kompyuta ya mwenye studio. Watafiti hao walieleza kwamba watumiaji wa programu za sauti walikuwa windo zuri kwa sababu kompyuta zao huwa na nguvu na wamezoea kuziona zikielemewa, hivyo hawashtuki. Laptop yenye RAM ya GB 8 haina nguvu ya kugawana na mwizi. Zaidi ya hayo, kwaya zinazokuja kwako hutegemea Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 zilinde nyimbo zao, na sheria hiyo hiyo inalinda programu za kompyuta. Sisemi hili ili kukuhukumu. Ninajua programu nyingi ziliwekewa bei kwa mishahara ya nchi nyingine. Lakini leo hakuna sababu ya kujiingiza huko, kwa maana njia halali zilizo ndani ya bajeti yako ni nzuri kweli.

Njia hizo ninazipanga hivi. Kwa sauti, pakua REAPER kutoka kwa watengenezaji wake, Cockos. Utapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya bei ndogo ni dola 60. Leseni hiyo inaruhusu biashara ambayo mapato yake yote kwa mwaka hayazidi dola 20,000, ambayo kwa kiwango tulichotumia ni shilingi milioni 52, hivyo studio nyingi ndogo zinaingia. Ndani yake kuna ReaEQ ya kusawazisha, ReaComp ya kubana sauti, ReaVerbate ya mwangwi, na ReaFIR ambayo inaweza kujifunza mngurumo wa feni au jenereta na kuuondoa. Sasa chukua orodha ya plagini 12 za kile kifurushi, ufute kila moja ambayo kazi yake tayari inafanywa na hizi. Ninatarajia utabaki na mbili au tatu, na dola 89 uigawanye kwa hizo tu. Kwa kwaya ya sauti nne iliyorekodiwa kanisani, ubora utatoka kwenye mahali ulipoweka maikrofoni na ukimya wa chumba kuliko plagini yoyote.

Kwa video, toleo la bure la DaVinci Resolve si la majaribio. Halina alama juu ya picha wala tarehe ya mwisho, na linatoa video hadi 4K ya televisheni kwa fremu 60 kwa sekunde. Kikubwa utakachokosa kwenye harusi za usiku ni zana ya kuondoa chengachenga za picha, ambayo imo kwenye Studio peke yake, na baadhi ya fomati za kamera mpya zinaweza kukataa kufunguka. Lakini lazima nikuambie ukweli kuhusu laptop yako: Blackmagic hupendekeza RAM ya GB 16 kwa Windows, na kwa GB 8 utateseka, hasa kama kadi ya picha nayo ni dhaifu. Shotcut na Kdenlive, ambazo ni za bure na huria, ni nyepesi zaidi, na zote mbili hukuruhusu kuhariri kwa kutumia nakala nyepesi za video kisha kutoa kazi ya mwisho kwa ubora kamili. Zijaribu zote kwa faili zako mwenyewe za harusi iliyopita, si kwa video za mfano, na upime muda wa kutoa kazi ya dakika kumi.

Ukinunua REAPER na kadi ikakata asilimia 3, bila VAT utatumia kama shilingi 160,700, na utabaki na karibu 239,000. Hiyo ningeielekeza kwenye RAM ya pili, kama laptop yako ina nafasi, na inayosalia kwenye diski ya nje ya kuhifadhia nakala za kazi za wateja. Kumbuka pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na watengenezaji wa programu hufuata mkondo huo. Kulipia plagini leo bila kujua kama kompyuta itahamia Windows 11 ni kulipia kitu ambacho kinaweza kukuacha njiani.

Umeuliza kuhusu Novemba. Ni kweli kwamba mapunguzo ya Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa mwezi huo, ndiyo mapana zaidi katika fani hii, na kampuni zinazopunguza bei mara chache kwa mwaka, kama Ableton, mara nyingi hungoja wakati huo. Kama kuna programu umeshaijaribu, imekufaa, na kazi yako inaweza kuvumilia, kusubiri ni busara. Kuna hata utaratibu unaowafaa wanaosubiri: Steinberg, kwa mfano, humpa bure toleo jipya la Cubase, programu yake ya kurekodi muziki, mtu aliyeamilisha la zamani ndani ya kipindi kifupi kabla ya jipya kutoka, kwa hiyo punguzo la mwisho wa toleo linaweza kuwa na faida mbili. Lakini usiahirishe kazi unayolipwa kwa ajili ya punguzo. Ukikataa albamu moja ya kwaya kwa sababu unangoja Novemba, umepoteza zaidi ya ulichookoa. REAPER yenyewe haina haja ya kungojwa, kwa kuwa bei yake haichezi na misimu.

Na kifurushi je, kinaweza kufaa siku moja? Ndiyo, endapo ndani yake kuna bidhaa moja ambayo ulikuwa tayari kuilipia peke yake kwa bei ile au zaidi, inayofanya kazi kwenye mfumo wako, kutoka kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji. Hapo hizo nyingine kumi na moja ni nyongeza. Kama hakuna hata moja ya namna hiyo, kifurushi hakijakuwa nafuu kwa sababu ya wingi wake.

Yako mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kabla ya kununua RAM, mpelekee fundi laptop aifungue, akuambie kama ina nafasi ya pili, ni RAM ya aina gani inayoingia, na kama kichakataji chake (prosesa) kinakubaliwa na Windows 11. Kama bado huna hakika kuhusu programu ya video, tafuta studio nyingine hapo Mwanza inayoitumia, uende na diski yenye faili zako na uombe saa moja ya kuihariri mbele ya mwenyeji; wengi hukubali ukiwaeleza vizuri. Mhasibu akuambie namna ya kutunza risiti ya dola kwa ajili ya hesabu zako za TRA. Na ikitokea kwamba tayari umelipa kwenye ile tovuti ya ufunguo, usisubiri kuona kama utafanya kazi: nenda benki leo, au kituo cha huduma cha mtandao wako wa simu kama ulitumia kadi pepe, ukiwa na namba ya muamala na picha ya ukurasa wa malipo, uwaombe waifunge kadi hiyo na waanzishe pingamizi la malipo, kwa sababu muda wa kulalamika una kikomo.